Ngazi ya Vitabu: Uchaguzi wa Vitabu na Istilahi katika Mkoa wa Mara

Kuchagua kitabu ni kuchagua maneno pia. Mwalimu anayempa mtoto kitabu, ofisa anayeagiza vitabu vya maktaba, na mfasiri anayeamua ni kitabu gani kitiwe katika Kiswahili, wote huamua ni istilahi zipi zitamfikia msomaji na zipi zitabaki mbali naye. Katika makala haya twakusudia kufuata historia ya vitabu katika Mkoa wa Mara, ili kuonyesha kwamba uhaba wa vitabu ulikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili ilikuwa kukatika kwa ngazi baina ya kitabu cha anayeanza kusoma na kitabu cha mtaalamu.

Tumechagua kuyatazama mambo haya tukiwa na Manyamanyama akilini, kata iliyomo Bunda, kwa kuwa wasomaji wa kila aina hukutana hapo. Wapo watoto wa shule, wapo wakulima wa pamba na wafugaji. Na kwa kuwa pana hospitali, wapo waganga na wauguzi. Aidha, Bunda na viunga vyake husemwa Kijita, Kiikizu, Kisukuma na lugha nyinginezo, hata Kiswahili ni lugha ya pili kwa wengi. Kitabu kinachoeleweka hapo kitaeleweka pengi nchini.

Uchaguzi wa kwanza wa vitabu vya Kiswahili katika nchi zetu ulifanywa kwa ajili ya msomaji mmoja, yaani mwanafunzi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipokwisha kuichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, Kamati ya Lugha iliundwa mwaka 1930, na mojawapo ya kazi zake ilikuwa kukagua lugha ya vitabu vya shule na kuvipa ithibati. Kazi hiyo ilileta usanifu wa tahajia na sarufi. Lakini mkulima, mvuvi na mama mlezi hawakuwa katika hesabu. Ni baada ya mwaka 1948, lilipoundwa shirika la vitabu la Afrika Mashariki, ndipo msomaji mtu mzima alipoanza kuandikiwa kwa mpango.

Baada ya Uhuru hatua zilifuatana upesi. Bodi ya Huduma za Maktaba iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963. Mwaka 1967 ulileta Elimu ya Kujitegemea, Baraza la Kiswahili la Taifa, na kufunguliwa kwa Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Hata hivyo, kwa watu wa Mara jambo kubwa zaidi lilianzia Mwanza mwaka 1968, ulipoanzishwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO, katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Mradi huo uligeuza utaratibu wa uchaguzi. Waandishi walianza na kazi ya msomaji, kisha wakatunga kitabu. Mkulima wa pamba alikuwa na kitabu chake cha kisomo, mvuvi chake, na mfugaji chake. Maneno yaliyotumika yalikuwa tayari vinywani mwa watu, na msomaji alijifunza herufi peke yake bila kubebeshwa msamiati mgeni.

Njia hiyo ilithibitishwa na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Kichocho, maradhi yanayojulikana vizuri kando ya Ziwa, kilielezwa humo kwa jina lake la siku zote. Hilo ndilo neno analolijua mtoto shuleni, ndilo analolitamka mzazi, na ndilo analoliandika mganga. Istilahi ya namna hiyo huenda na msomaji tangu ngazi ya chini hata ya juu.

Mnamo Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Kwa upande wa watu wazima, takwimu za serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, na wakapungua hadi asilimia 9.6 mwaka 1986. Mtoto na mzazi walikuwa wamejua kusoma kwa pamoja. Swali likawa, wasome nini baada ya hapo?

Gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililotolewa Mwanza kwa ajili ya waliohitimu kisomo, lilikuwa jibu mojawapo, na jina lake lilikuwa ahadi. Lakini ahadi hiyo ilihitaji vitabu, na katika hali ngumu ya uchumi iliyofuata karatasi iliadimika. Aidha, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi tu. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike pia katika shule za sekondari na vyuo vikuu. Pendekezo hilo halikukubaliwa. TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, istilahi zilikuwapo, darasa la kuzitumia halikuwapo.

Tuchukue mfano wa pamba. Mtoto husoma kwamba mdudu amekula pamba. Mzazi wake husoma habari za funza wa vitumba na wakati wa kunyunyiza dawa. Mtafiti wa Ukiriguru humjua mdudu huyo huyo kwa jina la Kilatini, na huchunguza jinsi anavyopata usugu dhidi ya dawa. Kutoka kwa mtoto hadi kwa mzazi hatua ni fupi. Kutoka kwa mzazi hadi kwa mtafiti ndipo vitabu vinapokatika, na mkulima aliyeona dawa yake imeshindwa hana pa kusoma sababu yake kwa lugha aliyofundishiwa kusoma.

Si kweli kwamba Kiswahili hakimudu ngazi za juu. Mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alifasiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo akatoa Mabepari wa Venisi. Ng'ambo ya maji kutoka Bunda, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Kazi kama hizo humfaa msomaji aliyekwisha kukomaa. Na msomaji hakomai kwa kuruka kutoka kitabu cha kisomo hadi Shakespeare.

Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991, umeimarisha ngazi za chini. Ngazi za kati ndizo zinazotungoja. Twashauri kwamba mwenye kuchagua au kufasiri kitabu ajiulize mambo matatu: msomaji wake amesoma nini kabla ya hiki, atasoma nini baada yake, na je, istilahi zilizomo zitamtambulisha kwa kitabu kinachofuata, au zitamlazimu aanze upya? Pale neno la watu linapotosha, kama kichocho na funza wa vitumba, litumike katika ngazi zote. Pale istilahi mpya inapohitajika, kama usanisinuru, kitabu cha kati kiifafanue kwanza kwa maneno ya kawaida, kisha kiitumie bila kuibadili. Aliyejifunza kusoma kwa kitabu cha pamba ana haki ya kuendelea kupanda.