Kibanja cha Ukoo na Haki ya Binti

Katika kibanja cha Mhaya, mkoani Kagera, nyumba husimama katikati ya migomba na mibuni, na makaburi ya wazee huwa papo hapo. Ndiyo maana kukiuza kwa mtu baki hakukuwa shauri la mtu mmoja. Wanaukoo waliweza kupinga, au kumrudishia mnunuzi fedha zake na kukikomboa. Mila hiyo ilikuwa na hekima: dhiki ya baba mmoja haikuwaondolea wajukuu mahali pa kuishi.

Dhuluma ilikuwa katika mgawo. Mwaka 1963, kwa Tangazo la Serikali Na. 436, mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba ziliandikwa kuwa sheria. Warithi waliwekwa katika madaraja matatu: mwana wa kiume wa kwanza juu, wana wengine wa kiume wakafuata, mabinti mwisho. Kanuni ya 20 ilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo katika uhai wake, ila asiiuze. Jambo ambalo wazee wangeweza kulijadili na kulilegeza kwa kutazama hali ya mhusika, sasa hakimu alilisoma kitabuni.

Mwanamke mmoja wa Wilaya ya Muleba alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ulipomwelemea bila wa kumtunza, mwaka 1988 aliiuza kwa mtu wa nje kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake alimshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akashinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua hukumu hiyo, na shauri likafika Mahakama Kuu, Mwanza. Februari 1990, Jaji James Mwalusanya aliegemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Haki ya kukomboa hakuifuta: mwanaukoo anayeitaka ardhi alipe bei iliyotolewa na mnunuzi.

Hapo ndipo uzito wa hukumu ile ulipo. Ilitenganisha ulinzi wa ardhi na unyonge wa binti, vitu ambavyo kwa miaka mingi vilitetewa kama kitu kimoja.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ilifuata njia hiyo, ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi, na kutaka wanawake wasiopungua watatu kati ya wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji. Lakini kanuni za urithi za 1963 hazikuondolewa. Wajane wawili wa Shinyanga waliofukuzwa majumbani mwao kwa msingi wa kanuni hizo walifikisha kilio chao Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia haki za wanawake iliona kwamba Tanzania ilikiuka haki zao.

Kanuni zile ziandikwe upya. Haki ya ukoo kukomboa kibanja ibaki, na daraja la tatu la mabinti lifutwe.