Mashine ya Kukimbilia: Kutoka Gerezani Hadi Sebuleni Mwako

Mada yetu leo ni mashine ya kukimbilia, ile ambayo wengi huiita tredmili. Zamani ilionekana hotelini na katika vyumba vya mazoezi vya mjini. Sasa imeingia majumbani. Mmoja ameinunua mpya, mwingine ameipata ya mtumba, na mwingine ameikuta katika nyumba anamofanya kazi. Pengine daktari amekuambia utembee kila siku kwa sababu ya presha au sukari, ukaona heri utembelee ndani. Hilo ni jambo jema. Lakini mashine hii ina historia, na historia hiyo inatufundisha namna ya kukaa nayo bila mtoto kuumia.

Ilianza kama adhabu

Mwaka 1818, mhandisi Mwingereza aitwaye William Cubitt aliunda gurudumu kubwa lenye vidaraja pande zote. Wafungwa walisimama kwa safu, wakashika upau, wakawa wanapanda vidaraja hivyo. Kila walipokanyaga, gurudumu lilizunguka chini ya miguu yao. Walipanda kutwa bila kufika popote. Mwaka 1821 gurudumu la aina hiyo liliwekwa katika gereza la Brixton, London, na likawa linasaga nafaka. Katika magereza mengine halikusaga chochote. Lilizungushwa ili mfungwa achoke tu. Mwandishi Oscar Wilde, aliyefungwa mwaka 1895, naye alipandishwa.

Adhabu hiyo ilivuka bahari. Kule Jamaica, kati ya mwaka 1834 na 1838, watu waliotoka utumwani walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wao wa zamani. Aliyeonekana mkaidi aliweza kupelekwa kwenye gurudumu, na wanawake hawakuachwa. Walifungwa mikono kwenye upau wa juu, na aliyepoteza hatua alining'inia huku vidaraja vikimgonga miguu. Gurudumu halikumngoja mtu.

Sheria ya magereza ya Uingereza ya mwaka 1898 ndiyo iliyoanza kuiondoa adhabu hii, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikatoweka huko.

Ikawa chombo cha daktari

Mwaka 1913, Mmarekani Claude Hagen alipewa hataza ya mashine ya mazoezi yenye mkanda unaozunguka. Lakini aliyeifanya iheshimike katika afya ni daktari wa moyo Robert Bruce, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Kabla yake, mgonjwa wa moyo alipimwa kwa kupanda na kushuka vidaraja viwili. Mwaka 1952, Bruce na mhandisi Wayne Quinton walitengeneza mashine ya kutembelea kwa ajili ya hospitali. Mgonjwa alitembea huku nyaya kifuani zikionyesha jinsi moyo wake unavyopiga. Kufikia mwaka 1963 Bruce alikuwa amepanga kipimo chenye hatua za dakika 3 kila moja, mwendo na mwinuko vikiongezeka kila hatua. Kipimo hicho kinatumika hospitalini hadi leo.

Kisha mwaka 1968, daktari Kenneth Cooper alitoa kitabu kilichowahimiza watu wa kawaida kufanya mazoezi ya kuimarisha moyo na mapafu. Mhandisi William Staub wa New Jersey alikisoma, akaona hakuna mashine ya bei nafuu ya kuwekwa nyumbani, akaiunda yeye mwenyewe. Hapo ndipo mashine ilipoanza kuingia majumbani. Staub alifariki mwaka 2012 akiwa na umri wa miaka 96.

Basi tazama mabadiliko haya, mama. Kilichokuwa chombo cha kumtesa mtu kimekuwa chombo cha kumlinda. Hata hivyo, jambo moja halijabadilika: mashine hii haijui ni nani aliye juu yake. Ikishawashwa, inaendelea. Kwa hiyo usalama wa nyumba uko mikononi mwako.

Kwa nini mashine inataka mafuta?

Mkanda unaoukanyaga unateleza juu ya ubao. Kila hatua unayopiga, uzito wako unaubana mkanda kwenye ubao huo. Ukiwa mkavu, unasuguana, unapata joto na kuchakaa. Mota nayo inakaza kuuvuta, inakula stima zaidi, na mwishowe inaweza kuungua. Kabla ya hapo utaona mkanda unakwama na kuruka kidogo unapokanyaga. Hapo ndipo mtu anaanguka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Soma kwanza kijitabu cha mashine, kwa maana baadhi ya mashine zimepakwa nta kiwandani na hazitaki mafuta. Kama yako inayataka, fuata hatua hizi:

1. Zima mashine na uchomoe plagi ukutani.
2. Ingiza mkono chini ya mkanda, katikati, uguse ubao. Ukiwa mkavu, ni wakati wa kupaka.
3. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi likichanganyika na mafuta husugua kama msasa.
4. Tumia mafuta ya silikoni yaliyotengenezwa kwa mashine hizi. Usitumie mafuta ya kupikia, ya cherehani, ya gari wala ya kujipaka. Hayo huharibu mkanda au huganda.
5. Inua ukingo wa mkanda, umimine kiasi kidogo katikati ya ubao kama kijitabu kinavyosema, kisha fanya vivyo hivyo upande wa pili. Mafuta yakizidi, mkanda utateleza.
6. Rudisha plagi, utembee polepole dakika chache ili yasambae. Futa yaliyomwagika sakafuni.

Watengenezaji wengi hushauri uguse ubao kila baada ya miezi 3 hivi, na mapema zaidi kama mnaitumia watu wengi. Mkanda ukielekea upande mmoja, kaza bolti ya nyuma ya upande huo kwa robo mzunguko tu, kisha utazame tena. Ukiona harufu ya kuungua au waya uliochubuka, zima na umwite fundi.

Na mtoto je?

Hapa ndipo penye uzito zaidi. Mwaka 2009, kule Arizona, Marekani, binti wa miaka 4 wa bondia Mike Tyson alifariki baada ya shingo yake kunaswa na kamba iliyoning'inia kwenye mashine ya kukimbilia nyumbani. Mwezi wa Mei mwaka 2021, kampuni ya Peloton iliziita zirudishwe mashine zake za Tread+ zipatazo 125,000. Kulikuwa na ripoti 72 za watu, wanyama au vitu kuvutwa chini ya mashine kwa nyuma. Watoto 29 walijeruhiwa, na mtoto wa miaka 6 alifariki.

Mtoto mdogo huvutiwa na kitu kinachosonga. Akigusa mkanda, kiganja chake kinaungua kwa msuguano katika nukta chache. Ikitokea, zima mashine, weka mkono chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ufunike kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno wala mafuta ya kupikia. Usingoje kuona kama kutapona penyewe, kwa sababu kovu la kiganjani linaweza kukunja vidole.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kumbuka mambo haya:

- Ukimaliza, toa ufunguo wa usalama, uuweke juu mahali mtoto hafiki, na uchomoe plagi.
- Usiache kamba ya ufunguo ikining'inia.
- Acha nafasi ya mita 2 nyuma ya mashine, wala usiielekeze mgongo ukutani.
- Usipande umejifunga leso au umembeba mtoto mgongoni.
- Mtoto asiwe chumbani mashine ikizunguka, hata kama "anatazama tu".
- Mwonyeshe kila anayebaki na watoto, awe yaya, nyanya au shangazi, jinsi ya kuizima.

Yule mfungwa wa Brixton hakuwa na uwezo wa kulisimamisha gurudumu. Wewe unao: ni ule ufunguo mdogo. Leo kabla ya kulala, nenda ukatazame uko wapi.

Afya njema kwako na kwa watoto.