Pumzi za Usiku katika Delta ya Tana

Historia ya tiba ya moyo katika bonde la chini la Mto Tana, kuanzia Hola hadi Garsen, Ngao na Kipini, haina budi kusomwa pamoja na historia ya barabara, mafuriko na umeme. Ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, yaani hali ambayo msuli wa moyo umedhoofika au kukakamaa kiasi cha kutomudu kusukuma damu ya kutosha mwilini, humtesa mgonjwa zaidi usiku, kwa kuwa alalapo, maji yaliyotuama miguuni mchana kutwa hurudi katika mishipa na kupanda hadi mapafuni na shingoni. Ndipo anapoongeza mito, au anapoamka akihema na kuketi ukingoni mwa kitanda hadi kupambazuke.

Kabla ya kuwapo hospitali, dalili za ugonjwa huu hazikuwekwa chini ya jina moja. Miguu iliyovimba ilifaa kuitwa matende, maradhi ambayo kweli yamekita mizizi katika pwani hii. Weupe wa viganja na uchovu vilihesabiwa kuwa safura. Kuhema kukaitwa pumu. Na kushtuka usiku kama aliyekabwa koo kukanasibishwa na jinamizi, lililotibiwa na Waislamu wa pwani kwa hirizi na kwa kombe, yaani maandishi ya Kurani yaandikwayo kwa zafarani juu ya sahani, yakaoshwa na maji yake kunywewa. Si haki kuuita mgawanyo huo ujinga mtupu, kwani kila dalili ilikuwa na ugonjwa wake halisi uliozoeleka, na hadi leo tabibu asiye na vipimo anaweza kupotea katika njia hizo hizo.

Wamisionari Wamethodisti walipojenga kituo chao Golbanti, na Misheni ya Neukirchen kutoka Ujerumani ilipoanza kazi miongoni mwa Wapokomo wa Ngao mwaka 1887, elimu ya Ulaya kuhusu pumzi za usiku ilikuwa imeandikwa tayari, ila haikuwa na tiba. John Cheyne wa Dublin alikuwa ameeleza mwaka 1818 jinsi mgonjwa wake alivyovuta pumzi zilizozidi kuwa nzito, kisha zikapungua hadi zikakoma kabisa kwa muda, zikaanza tena; naye William Stokes wa mji huo huo akairudia habari hiyo mwaka 1854 akiihusisha na udhaifu wa moyo. Mtindo huo wa kupumua ungali unaitwa kwa majina yao. Dawa ya moyo iliyoaminika ilikuwa dijitali, itokanayo na mmea ambao William Withering aliuandikia kitabu mwaka 1785. Kwa hiyo, katika jambo hili, umbali kati ya Ngao na Dublin ulikuwa mfupi kuliko ulivyokuja kuwa baadaye, kwa sababu usiku wa mgonjwa wa Dublin nao haukuwa na mlinzi.

Pengo lilipanuka katika karne ya ishirini. Kwanza zilikuja dawa za kukojosha maji, hasa furosemidi katika miaka ya 1960, ambazo ni vidonge na sindano ziwezazo kufika hata zahanati ya mbali. Kisha ikabainika kwamba pumzi hukatika usingizini kwa njia mbili: ama koo hulegea na kujiziba, na mgonjwa hukoroma sana, ama ubongo wenyewe huacha kwa muda kuamrisha pumzi, kwa sababu damu ya moyo dhaifu huchelewa kuupelekea habari za hewa chafu, nao hukosea kipimo. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walitangaza mashine inayosukuma hewa puani kwa shinikizo la kudumu, nayo ikashikilia koo lisizibe. Mashine hiyo hutaka umeme usiku kucha, na Garsen iliingia katika njia kuu ya umeme ya taifa, ile itokayo Rabai kupitia Malindi kwenda Lamu, katikati ya muongo wa 2010 tu.

Wakati huo huo, imani katika mashine ilikuwa ikitikisika. Utafiti wa Kanada uliotolewa mwaka 2005, uliohusu wagonjwa 258 wa moyo wenye kasoro ya aina ya pili, haukuonyesha kwamba mashine ya shinikizo iliongeza maisha. Mwaka 2015 ukafuata utafiti wa SERVE-HF, wa wagonjwa 1,325 ambao mioyo yao ilisukuma damu kwa nguvu ndogo, waliopewa au kunyimwa mashine ya kisasa zaidi inayojirekebisha kwa kila pumzi: pumzi zilinyooka, lakini vifo vya moyo vilikuwa asilimia 29.9 kwa waliotumia na asilimia 24.0 kwa wasiotumia. Matokeo hayo yaliwafadhaisha wataalamu, na ni haki yao kufadhaika, maana walikuwa wametibu dalili na kumdhuru mwenye dalili. Tangu hapo mashine hiyo huepukwa kwa wagonjwa wa namna hiyo, ile ya Sullivan ikibaki kuwa msaada kwa wenye koo lizibalo, na aina ya pili hutibiwa kwanza kwa kuutibu moyo.

Kwa Tana jambo hilo lina uzito wa pekee. Utafiti wa THESUS-HF, uliofuata wagonjwa 1,006 wa nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na kwamba kisababishi kikuu kilikuwa shinikizo la damu, si mishipa ya moyo kuziba kama ilivyo Ulaya. Shinikizo hupimwa kwa kifaa cha mkononi, na vidonge vyake havihitaji umeme, ila huhitaji kumezwa kila siku. Na hapo mto wenyewe huingia katika hesabu, kwa kuwa mafuriko kama yale ya El Niño ya 1997 na 1998, au ya mwishoni mwa 2023, hukata barabara na kuhamisha vijiji vizima, na mfugaji Muorma anayefuata malisho hawezi kurudi kwenye kliniki ile ile kila mwezi. Mwenye kuhitaji kipimo cha usingizi cha usiku mzima bado hupelekwa mbali, kwa kupitia Malindi, iliyo takriban kilomita 110 kutoka Garsen, kwenda Mombasa au Nairobi.