Shingopana wa Songwe: dinosaria wetu na ukoo wake wa ng'ambo

Ukitaja dinosaria wa Tanzania, wengi hukumbuka Tendaguru mkoani Lindi na yule mjusi mkubwa aliyeko Berlin, Ujerumani. Ni wachache wanaojua kwamba sisi wa Songwe nasi tuna dinosaria wetu. Jina lake la kisayansi ni Shingopana songwensis. Neno la kwanza kila mmoja wetu analielewa, ni shingo pana. La pili maana yake ni "wa Songwe".

Katika makala hii tunaeleza alikuwa mnyama wa aina gani, wataalamu walijuaje ukoo wake, na kwa nini kipande cha mfupa kinachoonekana korongoni kisichukuliwe kama jiwe la kawaida.

Alivyopatikana

Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 2002 na watafiti wa mradi wa Bonde la Ufa la Rukwa, ukiongozwa na Patrick O'Connor na Nancy Stevens wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani. Yalikuwa kwenye miamba ya mchanga mwekundu ambayo wanajiolojia wameipa jina la Galula. Mnyama huyu aliishi kati ya miaka milioni 100 na milioni 70 iliyopita.

Hakupatikana mzima. Zilipatikana pingili za shingo, mbavu, mfupa wa juu wa mguu wa mbele, mfupa wa nyonga na kipande cha taya la chini. Baadhi ya mifupa ina matundu yaliyotobolewa na wadudu baada ya mnyama kufa. Kwa hiyo mzoga ulikaa wazi kwa muda kabla ya kufunikwa na udongo. Baadaye, kwa miaka mingi sana, madini yaliyomo kwenye maji yaliingia katika mifupa na kuifanya kuwa mawe. Mabaki ya namna hii ndiyo tunayoyaita visukuku.

Kazi ya kusafisha, kupima na kulinganisha mifupa ilichukua miaka. Jina lilitangazwa rasmi mwaka 2017, miaka 15 baada ya ugunduzi, katika andiko lililoongozwa na mtafiti Eric Gorscak.

Ukoo wake unajulikanaje?

Kwanza tupange ngazi. Shingopana ni dinosaria. Ndani ya dinosaria yumo katika kundi la sauropodi, wale wala majani wa miguu minne wenye shingo ndefu na mkia mrefu. Ndani ya sauropodi yumo katika titanosauri, kundi lililoenea karibu dunia nzima kabla dinosaria wakubwa hawajatoweka.

Hadi hapo ni kama kusema mtu ni Mtanzania, kisha ni wa Songwe. Bado hujajua ni mtoto wa nani.

Ili kufika huko, wataalamu hawaangalii ukubwa wala mahali mnyama alipopatikana. Wanaangalia alama za kurithi. Wanatengeneza jedwali kubwa: upande mmoja majina ya wanyama, upande wa pili sifa za mifupa, moja baada ya nyingine. Sifa hii ipo au haipo? Imekaaje? Kisha kompyuta inapanga matawi ya ukoo kwa kufuata sifa ambazo wanyama wanashirikiana.

Kwa Shingopana, alama mojawapo iliyo wazi ni pingili ya shingo. Sehemu yake ya juu imevimba na kutanuka, na ndiko lilikotoka jina lake. Sifa zake zote zilipowekwa pamoja, aliangukia karibu na titanosauri wa Amerika Kusini, kundi linaloitwa Aeolosaurini.

Majirani si lazima wawe ndugu

Jibu hilo linashangaza ukitazama ramani. Ng'ambo ya mto Songwe, wilayani Karonga nchini Malawi, alipatikana titanosauri mwingine, Malawisaurus. Na katika miamba hiyohiyo ya Galula alipatikana Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014. Hao ndio majirani. Lakini kwa mifupa yake, Shingopana ana undugu wa karibu zaidi na wale wa Amerika Kusini kuliko na majirani hao.

Sisi wa Tunduma hatupaswi kupata shida kulielewa hili. Wanyamwanga wapo Tunduma na wapo Nakonde upande wa Zambia. Undugu wao ulikuwepo kabla ya mpaka. Mpaka ulikuja baadaye ukawakuta.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mabara. Zamani Afrika na Amerika Kusini zilikuwa nchi kavu moja, sehemu ya bara kubwa linaloitwa Gondwana. Wanyama walitembea bila bahari kuwazuia. Ardhi ilipopasuka taratibu na Bahari ya Atlantiki kujaa katikati, ndugu walibaki huku na kule.

Uainishaji unaweza kubadilika

Malawisaurus ni mfano mzuri. Mwaka 1928 aliandikwa kwa jina la Gigantosaurus dixeyi. Mwaka 1993, baada ya kupatikana mifupa zaidi na kulinganishwa upya, ilionekana anastahili jina la jenasi yake mwenyewe. Mnyama alikuwa yuleyule. Kilichoongezeka ni ushahidi.

Shingopana naye anaweza kusogezwa kwenye tawi jingine siku ikipatikana mifupa zaidi. Kwa sasa tunamjua kwa vipande vichache tu. Kama pingili ile ya shingo ingevunjwa na kuwekwa kwenye msingi wa nyumba, leo tusingekuwa na habari hii.

Ukiona mfupa ndani ya mwamba

Mvua na mmomonyoko hufichua visukuku, na hivyohivyo huviharibu. Wanaopita makorongoni kila siku ni wachungaji, wakulima na watoto wetu. Ukikuta kitu chenye umbo la mfupa lakini kizito na kigumu kama jiwe:

- Usikichimbe wala kukivunja. Namna kilivyolala ni sehemu ya ushahidi.
- Kipige picha kwa simu, weka kalamu au jembe pembeni ili ukubwa uonekane.
- Kumbuka mahali: jina la kitongoji, mto au kilima cha karibu.
- Toa taarifa kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji ili ifikishwe kwa afisa utamaduni wa halmashauri.
- Usikiuze. Mabaki haya ni urithi wa taifa, na uchimbaji wake unahitaji kibali cha serikali.

Jina la Songwe sasa limo katika vitabu vya sayansi duniani. Lilifika huko kwa sababu mifupa michache ilikutwa ikiwa bado mahali pake.