Bomba, Mfereji na Karo: Majina ya Njia za Maji ya Kufulia

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza historia ya maneno matatu, yaani bomba, mfereji na karo, yatumikayo kila pafuliwapo nguo nyumbani. Maneno haya yamezoeleka hata hudhaniwa kuwa hayana matata. Kumbe ndiyo yanayowapoteza wafasiri na mafundi.

Tuanze na Nkome, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika Mkoa wa Geita ulioanzishwa mwaka 2012. Afuaye ziwani hahitaji istilahi ya kutolea maji, kwani ziwa humpa maji na ziwa huyapokea. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, shughuli ziwezazo kudhuru hifadhi yake. Kazi ya kufua ihamiapo nyumbani, maji yaliyokwisha kutumika hayana budi kutafutiwa njia, na njia hiyo haina budi kuwa na jina.

Neno bomba lina asili ya Kireno, na maana yake huko ni pampu. Katika Kiswahili limekuwa pia mrija wa kupitishia maji, na hata mahali pa kuyafungulia. Mfereji, lenye asili ya Kiarabu, ni njia iliyochimbwa ili maji yapite. Huko Zanzibar, ambako Sultani Barghash (1870–1888) aliuletea mji maji ya chemchemi, maji ya mfereji ni majisafi ya kunywa. Sehemu nyingi za bara, mfereji waweza kuchukua majitaka. Karo nalo, kwa wengine ni mahali pa kuoshea palipojengwa kwa saruji, na kwa wengine ni shimo la kupokea majitaka. Nchini Kenya ni ada ya shule.

Basi mwongozo usemao, "Elekeza bomba kwenye karo," waweza kutekelezwa kwa namna mbili, na moja kati ya hizo humwaga maji ya sabuni pale pale pa kuoshea vyombo.

Kuna pia kifaa ambacho jina lake halijatulia. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi saa wa London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopindwa mfano wa herufi S. Maji yabakiayo katika pindo hilo huzuia hewa chafu isirudi chumbani. Mfasiri afuataye neno la Kiingereza atakiita mtego. Lakini mtego hunasa kiingiacho. Hapa maji hupita, na kinachozuiwa ni harufu.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba istilahi zifuate kazi ya kitu: bomba la kuingizia, bomba la kutolea, kizuia harufu, na shimo la majitaka, karo libakie mahali pa kuoshea. Fundi aambiwapo kwamba bomba la kutolea liinamishwe sentimita 2 kwa kila mita moja, atajua ni lipi. Majina hayo ni marefu kidogo. Hata hivyo, kusanifisha istilahi, kazi ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa nayo tangu kuundwa kwake mwaka 1967, hakupimwi kwa ufupi wa neno, bali kwa msomaji wa Nkome na wa Unguja kuelewa jambo lile lile.