Jinsi ya kuchagua bodi ya pikapu kwa kazi za Pwani

MNUNUZI wa pikapu mjini Malindi au Kilifi aghalabu hutazama injini na bei kwanza, kisha akagundua baadaye kwamba sehemu ya mizigo hailingani na kazi yake. Kosa hilo ni ghali, hasa gari linaponunuliwa kwa mkopo unaotarajiwa kulipwa na mizigo hiyo hiyo.

Pikapu za kawaida, zikiwemo Toyota Hilux na Isuzu D-Max, huwa za maumbo mawili makuu. Yenye kebini moja ina bodi ya takriban mita 2.3. Ya dabo kebini hubeba watu watano, lakini bodi yake hupungua hadi karibu mita 1.5. Katikati yake kuna yenye kebini moja na nusu, ambayo bodi yake hukaribia mita 1.8.

Tofauti hiyo hudhihirika dukani kwa vifaa vya ujenzi. Plaiwudi ina urefu wa mita 2.44. Mlango wa nyuma ukiteremshwa, hulala vyema katika bodi ndefu, ilhali katika fupi karibu mita moja hupita mwisho wa bodi. Mabati ya mita 3 huzidi hata bodi ndefu, hivyo ni lazima yafungwe imara.

Hata hivyo, urefu wa bodi si kipimo cha uzito. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 ni tani moja, uzito unaokaribia kikomo cha pikapu nyingi. Mitungi 50 ya maji ya lita 20 ni tani moja pia. Kwa hivyo anayepeleka maji Ganze au mawe ya timbo ahesabu uzito kwanza. Anayebeba makuti ahesabu nafasi.

Umbo la bodi nalo lina maana yake. Bodi ya kiwandani yenye mbavu zisizofunguka huwa chini zaidi na hushika mzigo vizuri. Bodi bapa yenye mbavu za kuteremshwa hupakiwa kutoka pande tatu, jambo linalorahisisha kazi ya mawe na magunia, ila sakafu yake huwa juu zaidi. Fremu ya vyuma hufaa makreti ya maembe kutoka Magarini, kwani hupitisha hewa. Lakini mzigo ukirundikwa juu mno, gari huyumba kwenye kona. Paa la kufunika bodi huwafaa wanaobeba mizigo ya wageni wa hoteli.

Wachuuzi wa samaki wa Watamu na Ngomeni wana adui mwingine: kutu. Maji ya chumvi yanayotiririka kutoka kwenye barafu hupenya chini ya plastiki ya kutandika na kula bati bila kuonekana. Ni vyema bodi iwe na matundu ya kutolea maji, ioshwe kwa maji baridi kila siku, na anayenunua gari kuukuu ainue tandiko hilo na kuchungulia uvunguni kabla ya kulipa.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba bodi si mahali pa abiria, hata safari ikiwa fupi. Familia inayotaka gari moja la shamba na la watoto haina budi kuchagua dabo kebini na kukubali kupoteza nafasi ya mizigo. Mwenye kazi ya mizigo pekee hana sababu ya kulipia viti vitakavyokaa vitupu.