Kolonoskopi na Uchunguzi wa Kinga

Neno kolonoskopi asili yake ni Kiyunani, nalo limeungwa kwa maneno mawili, moja la kutaja utumbo mpana na la pili la kutazama. Na lau kazi ya kipimo hiki ingalikuwa kutazama tu, tungalisema "utazamaji wa utumbo mpana" tukaishia hapo. Lakini tabibu aingiaye humo kutazama aghalabu hutoka na kitu alichokikata, na jambo hilo la pili, ambalo jina halilitaji, ndilo lililokipa kipimo hiki heshima yake yote.

Nianze na lililo dogo. Wako waandishi wapendao kusema "saratani ya koloni", na hao wamesahau kwamba koloni kwetu ni neno lenye mwenyewe, maana yake nchi iliyotawaliwa na wageni, hata msomaji wa Tanga au Lamu akutanapo na "maradhi ya koloni" ana haki ya kudhani kwamba anasomeshwa tarehe. Utumbo mpana ni jina la kale na bayana, na sehemu yake ya mwisho ina jina lake, puru. Kwa hiyo koloni naliacha likae ndani ya kolonoskopi, ambako halimdhuru mtu. Kiarabu cha hospitali hukiita chombo chenyewe mindhari, kwa shina lile lile lililotupa mandhari na nadhari, na Mswahili akaaye Maskati huenda amekwisha kulisikia; ni neno zuri, ila nalo pia linasema kutazama tu.

Chombo ni mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera nchani mwake, unaoingizwa kwa njia ya haja kubwa na kusukumwa polepole mpaka pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana, mwendo unaokaribia mita 1.5, baada ya mtu kunywa haluli ya kutosha kuusafisha utumbo kabisa, kazi ambayo wengi waliokwisha kuipitia huiona nzito kuliko kipimo chenyewe, kwa kuwa wakati wa kipimo aghalabu hupewa dawa ya usingizi. Kinachotafutwa humo ni vinundu. Nasema vinundu, wala sisemi vinyama kama wasemavyo baadhi ya watu, kwa sababu kutendewa kinyama ni jambo jingine kabisa. Baadhi ya vinundu hivi vimelala juu ya ngozi ya ndani ya utumbo, na vingine vimesimama juu ya kikonyo, kama karafuu ilivyosimama juu ya chake; na ni mwaka 1969, katika hospitali ya Beth Israel mjini New York, William Wolff na Hiromi Shinya walipoanza kuvikata kwa kitanzi cha waya chenye umeme kilichopitishwa ndani ya mpira ule ule, ilhali kabla ya hapo kinundu kilichokuwa juu sana kilimlazimu mtu kupasuliwa tumbo.

Faida ya kukikata ni hii, kwamba saratani ya utumbo mpana katika hali nyingi haizuki ghafula, bali huanzia katika kinundu kisicho na dhara, kikakua kimyakimya bila maumivu kwa muda ambao mara nyingi hufika miaka 10 au kupita. Njia hiyo ilibainishwa kwa uangalifu mkubwa na Basil Morson wa hospitali ya St Mark's, London. Mwenye kukiondoa kinundu ameyaondoa maradhi kabla hayajapata jina. Sidney Winawer na wenzake, katika taarifa yao ya mwaka 1993, walionyesha kwamba watu waliokatwa vinundu vyao walipata saratani hii kwa uchache wa asilimia 76 hadi 90, wakilinganishwa na hesabu zilizotarajiwa.

Hapa ndipo neno "uchunguzi" linapotuangusha, kwani kwetu hulitumia polisi, mwanachuoni na daktari, na daktari mwenyewe hulitumia kwa mgonjwa anayetokwa na damu na kwa mtu mwenye siha asiyelalamikia chochote. Istilahi inayotumika sana, "uchunguzi wa awali", inamfanya msikilizaji adhani kuna wa pili unaomngoja. Mimi naonelea tuseme "uchunguzi wa kinga", maadamu tunazungumzia kipimo ambacho, tofauti na picha ya matiti iwezayo tu kuigundua saratani mapema, huizuia isizaliwe.

Hata hivyo kinga humkinga aliyeifuata. Mwaka 2022 zilitoka habari za utafiti uliofanywa Polandi, Norwe na Uswidi, ambamo baadhi ya watu walialikwa kufanyiwa kolonoskopi na wengine hawakualikwa. Katika miaka 10 walipata saratani kiasi cha watu 10 kwa kila 1,000 walioalikwa, na 12 kwa kila 1,000 wasioalikwa, na wapo waliokimbilia kusema kwamba kipimo hakifai. Lakini katika walioalikwa waliokwenda ni asilimia 42 tu, na mwaliko haukati kinundu.

Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba maradhi haya yalikuwa adimu kwa Waafrika wa mashambani, akalinasibisha jambo hilo na chakula chao chenye nyuzinyuzi nyingi. Wako walioyapokea maneno hayo kama hati ya amani iliyoandikwa katika damu ya Mwafrika, ilhali mwenyewe alikuwa akizungumzia sahani. Na sahani ya Dar es Salaam au Nairobi leo siyo ile.

Marekani tangu 2021 huwashauri watu kuanza uchunguzi wakiwa na miaka 45, na asiyekutwa na kitu hurudi baada ya miaka 10. Kwetu mipira hiyo ni haba na mafundi wake ni wachache, kwa hiyo yamkini wengi wataanzia kwenye kipimo chepesi cha kutafuta damu iliyofichika katika kinyesi, kinachorudiwa kila mwaka au miwili. Atakayeonekana na damu hiyo hana budi kufanyiwa kolonoskopi, na hiyo, ijapokuwa mpira ni ule ule na tabibu ni yule yule, si uchunguzi wa kinga tena, bali ni uchunguzi wa maradhi, wala haifai kungojwa.